Daktari akichungulia simu: historia ya kuuliza kabla ya kutibu

Wapo wagonjwa wa Nakuru wanaokunja uso daktari anapotoa simu na kusoma kidogo kabla ya kuandika dawa. Wanamwona kama mtu asiyejua kazi yake. Lakini tabibu anayehakiki dozi anamlinda mgonjwa wake, na desturi hiyo ni ya zamani kuliko simu yenyewe.

Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, ambayo leo ni Amref. Baadaye redio zao ziliunganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali na uwanja wa Wilson, Nairobi. Muuguzi alieleza dalili, daktari akamjibu, na hali ikiwa mbaya ndege ikatumwa. Asiyekuwa na redio alitegemea kitabu. Kile alichohariri Maurice King kutokana na kongamano la Makerere, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1966, kilieleza namna ya kutibu pale ambapo vifaa ni haba.

Kitabu, hata kiwe kizuri namna gani, hakijui yaliyobadilika baada ya kupigwa chapa. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria. Mwaka 2004 ikatangaza kuiacha na ile iliyochukua nafasi yake, na dawa mseto zenye artemeta zikafika vituoni mwaka 2006. Daktari aliyehitimu mwaka 1997 alilazimika kujifunza upya mara mbili kabla ya kutimiza miaka kumi kazini.

Habari mpya zilikuja kidogo kidogo. Katika miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lake Bernard Lown wa Marekani, lilitumia setilaiti ndogo kupeleka barua pepe na makala za tiba, na Kenya ilifaidika. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilifungua mpango wa HINARI, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida bure au kwa bei nafuu. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikaanza kuwa ya wengi.

Hata hivyo, wingi wa maandishi si tiba. Rejea iliyotungwa Boston humwambia daktari aagize vipimo ambavyo maabara yake haina. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hatua kubwa kuliko zote ni kijitabu cha mfukoni. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa matibabu ya watoto waliolazwa katika hospitali za wilaya 13 za Kenya, na mapungufu yalikuwa mengi. Wizara ya Afya na watafiti wa KEMRI-Wellcome wakatunga mwongozo huo wa mfukoni wenye majedwali ya uzito na dozi. Toleo la 2016 lilitaka dawa ya gentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku: mtoto wa kilo 8 apewe miligramu 60. Kichanga ambaye hajatimiza wiki moja hupewa pungufu ya hapo. Ukizidisha, unahatarisha figo na masikio yake. Usiku wa manane, wadi ikiwa imejaa, hesabu hiyo haifai kufanywa kichwani, na sasa jedwali hilo hufunguliwa kwenye simu.

Kwa wanaotibu virusi vya ukimwi ipo pia laini ya simu ya Uliza, ya mpango wa taifa wa NASCOP, ambako tabibu hupata ushauri wa mwenzake.

Kaskazini mwa Nakuru, Baringo, umuhimu wa kuhakiki unaonekana waziwazi. Huko ugonjwa wa kala-azar huenezwa na vidudu vinavyojificha kwenye vichuguu, na isipotibiwa huua. Zamani mgonjwa alichomwa sindano za stibogluconate kwa siku 30, dawa inayoweza kuudhuru moyo. Mwaka 2010 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza iambatanishwe na paromomycin kwa siku 17, na matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Sudan, Ethiopia na Uganda yakachapishwa mwaka 2012 katika jarida ambalo yeyote anaweza kulisoma bila malipo. Kituo cha afya cha Kimalel, karibu na Marigat, nacho kilishiriki katika jaribio la dawa nyingine lililochapishwa mwaka 2016. Daktari anayesoma matokeo hayo akiwa Nakuru anasoma habari za majirani zake. Asiyeyasoma anaweza kumchoma mgonjwa sindano kwa siku 13 zaidi bila sababu.