Timu za Rangi na Suala la Wamaori: Historia ya Hoja Moja katika Mapambano ya Michezo

Katika vikundi vya kujisomea huzuka mara kwa mara swali ambalo baadhi ya makada hulijibu kwa haraka mno. Swali lenyewe ni hili: ikiwa tulizipinga timu za Makaburu kwa sababu zilichaguliwa kwa rangi, kwa nini Afrika haikuipinga pia timu ya Wamaori wa New Zealand, ambayo mpaka leo huchaguliwa kwa asili na ukoo? Yuko anayejibu kwamba timu yoyote ya namna hiyo ni ubaguzi, na mjadala ukaishia hapo. Yuko mwingine anayejibu kwamba mnyonge hawezi kubagua, akaketi. Wote wawili wamelikwepa swali, kwa sababu hakuna aliyetazama timu hizo ziliundwa na nani, lini, na mlango gani ulifungwa zilipoundwa. Hatuna budi kuitazama historia yenyewe.

Makaburu na timu zao za "mataifa"

Tuanze na jambo linalosahauliwa. Makaburu hawakukataa Waafrika wasicheze. Walichokataa ni Waafrika kucheza pamoja nao katika timu moja ya nchi. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lilipoandaliwa Khartoum mwaka 1957, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizoasisi Shirikisho la Kandanda la Afrika, pamoja na Misri, Sudan na Ethiopia. Ilikuwa tayari kuleta timu ya weupe watupu, au ya weusi watupu, wenzake wachague. Timu ya mchanganyiko haikuwezekana. Wenzake walikataa yote mawili, na mashindano yakachezwa na nchi tatu.

Mtu asiyezama katika mambo angeweza kusema: kwa nini hawakuipokea ile timu ya weusi? Si ingekuwa timu ya wanyonge? Uamuzi wa Khartoum ulikuwa sahihi, na ulihitaji uoni wa mbali, maana wakati huo Afrika huru ilikuwa ndogo sana. Kuipokea timu ile kungekuwa kukubali kwamba Mwafrika katika nchi yake ni taifa la pembeni, na kwamba jina la nchi ni mali ya mzungu, hata siku anapoliazimisha.

Hoja hiyo ilirudi ikiwa imevaa mavazi mengine. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961. Januari 1963 rais wake, Stanley Rous, baada ya kuitembelea nchi hiyo, alisaidia kuiondolea adhabu. Ndipo wakuu wa kandanda ya weupe wakatoa pendekezo lao: timu ya weupe iwakilishe nchi katika Kombe la Dunia la 1966, na timu ya weusi katika lile la 1970. Zamu kwa zamu, kama watu wawili wanaotumia baiskeli moja! Mkutano wa FIFA wa Tokyo mwaka 1964, ambako wajumbe wa Afrika na Asia walikuwa wengi, uliirudisha adhabu. Kufukuzwa kabisa kulikuja mwaka 1976.

Mwaka 1971 serikali ya Vorster ilitangaza siasa ya michezo ya "mataifa mengi". Kwa maneno hayo Afrika Kusini haikuwa na taifa moja. Ilikuwa na weupe, Waafrika, machotara na Wahindi, na kila "taifa" lingeweza kukutana na jingine uwanjani, hata mbele ya wageni kutoka nje. Lakini klabu, shule, viwanja na ligi vibaki mbali mbali. Hii ilikuwa Bantustani iliyovaa kaptula. Aliyefahamu kwa nini Transkei ilipewa "uhuru" Oktoba 1976 hakupata taabu kufahamu kwa nini mcheza ngumi mweusi aliruhusiwa kupigana na mweupe jukwaani ilhali hawakuweza kufanya mazoezi katika klabu moja.

Wamaori: timu iliyotangulia taifa

Sasa twende New Zealand. Wamaori na Waingereza walitia saini Mkataba wa Waitangi mwaka 1840. Muda si mrefu zikafuata vita vya ardhi, na sheria ya mwaka 1863 ikawapa walowezi uwezo wa kunyang'anya ardhi ya makabila yaliyohesabiwa kuwa waasi. Katika eneo la Waikato peke yake zilichukuliwa zaidi ya ekari milioni 1. Raga ililetwa mwaka 1870, majeraha ya vita hivyo yakiwa bado mabichi. Vijana wa Kimaori waliushika mchezo huo upesi, na timu ya kwanza ya New Zealand iliyokwenda ng'ambo mwaka 1884 ilikuwa na Wamaori ndani yake.

Mwaka 1888 Joseph Warbrick, Mmaori, alikusanya timu iliyoitwa ya "Wenyeji". Wachezaji walikuwa 26, karibu wote wa asili ya Kimaori, na wazungu wachache walioongezwa. Walisafiri Uingereza, Australia na nyumbani kwao, wakacheza mechi 107 za raga, wakashinda 78. Katika Uingereza peke yake walicheza mechi 74. Hesabu hizo zinastahili kurudiwa, kwa sababu hakuna timu ya leo ingekubali ratiba ya namna hiyo.

Jambo la maana kwetu ni lile lililofuata. Timu ile ilivaa nguo nyeusi. Mmoja wa wachezaji wake, Thomas Ellison, ndiye aliyependekeza mwaka 1893 kwamba timu ya taifa ivae fulana nyeusi yenye jani la fedha la kangaga, na ndiye aliyeiongoza timu ya kwanza rasmi ya chama cha raga kwenda Australia mwaka huo huo. Kwa hiyo vazi ambalo dunia nzima hulijua kuwa la All Blacks lina asili katika timu ya Wenyeji. Anayedai kwamba timu ya Kimaori ni kipande kilichomegwa kutoka taifa anaigeuza historia kichwa chini miguu juu.

Timu rasmi ya Wamaori chini ya chama cha raga ilianza mwaka 1910. Hapa ndipo tofauti na Afrika Kusini inapoonekana. Mmaori aliyechaguliwa katika timu ya Wamaori hakufungiwa mlango wa timu ya taifa. George Nepia, kijana wa miaka 19, alicheza kila mechi ya ziara ya All Blacks Uingereza na Ufaransa mwaka 1924 na 1925. Timu ya asili ilikuwa nyongeza juu ya haki. Haikuwa fidia ya haki iliyonyimwa.

Lakini tusiishie hapo, kwani hapo ndipo wengi wanapofunga daftari.

Upande wa pili wa panga

Timu ya Makaburu ilipofika New Zealand mwaka 1921 ilicheza na Wamaori mjini Napier na kushinda kwa taabu, 9 kwa 8. Mwandishi wa habari aliyefuatana nao alipeleka simu kwao akilalamika kwamba watazamaji weupe waliwashangilia Wamaori dhidi ya weupe wenzao. Simu hiyo ilivuja na kuchapishwa, ikaleta hasira kubwa. Hata hivyo hasira haikugeuka kuwa msimamo. All Blacks walipokwenda Afrika Kusini mwaka 1928, Wamaori waliachwa nyumbani, Nepia akiwa mmoja wao. Mapema zaidi, mwaka 1919, Ranji Wilson, mwenye asili ya Visiwa vya Karibi, alizuiwa kushuka melini wakati timu ya majeshi ya New Zealand ilipofika huko.

Mwaka 1949 jambo hilo lilifanyika tena, na safari hii tuangalie namna lilivyofanyika. All Blacks walikwenda Afrika Kusini bila Mmaori hata mmoja. Mwaka huo huo timu ya Wamaori ilipelekwa Australia. Kwa maneno mengine, timu ya asili, iliyokuwa fahari ya watu wake, ikawa kabati la kuwahifadhia wale ambao Makaburu hawakutaka kuwaona. Hakuna aliyebadili jina la timu, wala utaratibu wa kuchagua wachezaji. Kilichobadilika ni uhusiano wake na mlango mwingine: mlango wa timu ya taifa ulipofungwa, timu ile ile ikafanya kazi ya Makaburu. (Wale weupe waliokwenda walifungwa mechi zote nne za majaribio, jambo ambalo hatuwezi kujizuia kulitaja.)

Wananchi waliliona hilo. Kabla ya ziara ya 1960, zaidi ya watu 150,000 walitia saini hati ya kudai kwamba bila Wamaori kusiwe na ziara. Ziara ilifanyika, mwaka ule ule ambao watu 69 waliuawa Sharpeville. Mwaka 1965 Verwoerd alisema wazi kwamba Wamaori hawatapokewa, na ziara ya 1967 ikafutwa. Ndipo Makaburu wakalegeza kamba kwa ujanja: mwaka 1970 wachezaji watatu wa Kimaori na Bryan Williams, mwenye asili ya Samoa, walikubaliwa kuingia kama "weupe wa heshima".

Dai la "bila Wamaori hakuna ziara" lilikuwa la haki, lakini lilikuwa na upungufu. Lilitaka Mmaori aheshimiwe na Kaburu. Halikuuliza hali ya Mwafrika anayetazama mechi kutoka nyuma ya seng'enge. Kaburu alipotoa cheti cha weupe, dai likabaki halina meno. Chama cha HART, kilichoundwa mwaka 1969, na vijana wa Kimaori walioungana nacho, walisogeza hoja mbele: kusiwe na ziara yoyote, hata timu iwe na nani ndani yake, mpaka mfumo wenyewe uanguke.

Afrika inaingia uwanjani

Mwaka 1973 Waziri Mkuu Norman Kirk aliizuia timu ya Makaburu isije New Zealand, akijua kwamba nchi za Afrika zingeisusia Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch. Afrika ikaenda. Tarehe 2 Februari 1974, katika uwanja huo, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, John Walker wa New Zealand akimfuata mgongoni. Hayo ndiyo yaliyowezekana pale serikali moja ilipochukua msimamo.

Serikali ya Muldoon, iliyofuata baada ya uchaguzi wa 1975, iliona michezo isichanganywe na siasa. Mwaka 1976 All Blacks walikwenda Afrika Kusini wiki mbili baada ya watoto wa Soweto kuanza kupigwa risasi tarehe 16 Juni. Afrika ilidai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Olimpiki ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20 zilijitoa, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Walker alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, na pambano ambalo dunia nzima ililingojea halikuwapo.

Tusiipunguze gharama hiyo. Mwanariadha ana miaka michache ya ubora wake, na Olimpiki huja mara moja kila miaka minne. Walioamua kususa hawakuwa wale waliokimbia alfajiri kila siku kwa ajili ya siku hiyo. Tunasema uamuzi ulikuwa wa haki, na tunasema pia kwamba ulilipwa na vijana waliokuwa mazoezini kuliko na sisi tuliokuwa mikutanoni. Matunda yake yalionekana mwaka uliofuata, viongozi wa Jumuiya ya Madola walipotia saini mapatano ya Gleneagles ya kuzuia uhusiano wa michezo na Afrika Kusini.

Muldoon alitia saini, kisha mwaka 1981 akaiacha timu ya Makaburu ije. Kwa siku 56 nchi ile iligawanyika hata ndani ya nyumba. Graham Mourie, nahodha wa All Blacks, alikataa kucheza. Mjini Hamilton waandamanaji waliingia uwanjani na mechi ikafutwa. Watu wapatao 150,000 walishiriki katika maandamano zaidi ya 200. Na ndani ya maandamano hayo Wamaori waliwauliza wenzao weupe swali gumu: mnalia kwa ajili ya Soweto, mbona hamkuja Bastion Point, ambako tulikaa siku 506 tukidai ardhi yetu mpaka polisi walipotuondoa Mei 1978? Swali hilo halikuvunja mapambano. Liliyapa mizizi nyumbani.

Timu ya Wamaori yenyewe ilicheza na Makaburu mjini Napier tarehe 25 Agosti 1981, ikatoka sare 12 kwa 12. Makaburu walikuwa wamemleta Errol Tobias, machotara, ili dunia imwone. Wamaori wengine walikuwa ndani wakicheza, wengine walikuwa nje wakipigana na polisi. Asili moja haikuwapa msimamo mmoja, na hatuoni kwa nini tuitarajie iwape.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunazo timu zilizozaliwa na vyama vya makabila. Kenya ilipoagiza majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Mashabiki walibaki wale wale. Kubadili jina ni kazi ya siku moja. Jambo la kuchunguza ni kama kijana wa kabila jingine anapewa namba, na kama klabu hiyo ni njia ya kufikia timu ya taifa au ni ukuta wa kuizuia.

Timu ya Wamaori ingali inacheza, na mchezaji bado hutakiwa kuthibitisha ukoo wake. Mwaka 2010, ilipotimiza miaka 100, chama cha raga cha New Zealand kiliwaomba radhi Wamaori walioachwa katika ziara za Afrika Kusini, na chama cha Afrika Kusini nacho kikafanya hivyo. Nepia alikuwa amekwisha kufa tangu 1986.