Gari Lililosikia Baridi Garissa

Plagi nne zilikuwa zimepangwa juu ya gunia kwa mpangilio wa silinda zilikotoka, na fundi amezichutamia kama mtu anayechambua mchele. Akaokota ya pili, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akaninyooshea kidole chenyewe. Kilikuwa cheusi, kikavu. "Masizi," akasema.

Nilifurahi kulisikia neno hilo gereji. Masizi ni mali ya jikoni, yale yanayoganda chini ya sufuria iliyoinjikwa juu ya kuni mbichi. Kila aliyewahi kuosha sufuria ya namna hiyo anajua yanatoka wapi: moto umepewa chakula kuliko hewa. Neno likahama kutoka mafiga hadi kwenye injini ya Toyota Corolla yenye kilomita 287,000, na halikupoteza hata chembe ya maana yake njiani.

Mimi nilikuwa nimeleta sentensi moja tu: "Gari imeanza kula mafuta." (Kamusi inataka gari lianze kula, sisi Garissa gari inaanza kula. Nitaandika la kamusi na kunukuu la gereji.) Sentensi hiyohiyo nilishawapelekea mafundi wawili katika mji mwingine. Wa kwanza alinibadilishia plagi. Wa pili alisafisha nozeli, kisha akabadilisha sensa ya oksijeni, na bei ya sensa hiyo bado inaniuma. Mafuta yaliendelea kwisha vilevile. Nikitafakari leo naona kwamba nilipeleka kitenzi cha mdomo, na wao wakatibu mdomo. Nozeli ndiyo kinywa cha injini, na mlaji akizidisha unatazama kinywa chake.

Kula ni kitenzi chenye kazi nyingi mno katika Kiswahili cha magari. Kutu inakula bodi, tairi linalika upande mmoja, injini inakula oili, gari linakula mafuta. Watanzania wamekwenda mbele wakaunda nomino, ulaji wa mafuta, nasi Kenya tukaazima konsamsheni tukaipa irabu ya mwisho. Hakuna kosa katika yote hayo. Shida ni kwamba kitenzi kimoja kimefunika hasara ambazo hazina undugu. Petroli inaweza kuvuja kwenye paipu iliyopasuka isifike injini kabisa. Inaweza kufika, ikaingia kwenye silinda, ikatoka kwa eksozi haijawaka. Inaweza kuwaka vizuri, nguvu yake ikaishia kwenye breki iliyoshika au tairi lililolegea. Dereva anaona jambo moja, mshale wa tangi umeshuka, na analitaja kwa neno moja. Fundi naye anapokea neno hilo na kuanza kubahatisha.

Huyu wa Garissa hakubahatisha. Aliuliza: "Mwalimu, mafuta yote inawaka?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku hiyo, na nadhani najua lilikotoka. Ukishika barabara ya A3 kutoka Thika, neno la mafuta linabadilika njiani pamoja na miti. Wakikuyu wanasema maguta. Ukifika Mwingi, Wakamba wamedondosha konsonanti, ni mauta. Kiswahili kina mafuta, na huko kusini kabisa Wazulu wana amafutha. Ukoo ni mmoja, wa Kibantu, na jicho lake liko kwenye unono: mafuta ya mkia wa kondoo, mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka. Petroli ilipokuja iliingizwa humo, labda kwa sababu na yenyewe inateleza mkononi. Halafu unavuka daraja la Tana kutoka Madogo na ukoo unakatika. Kisomali kinasema shidaal, na ndani yake mna shid, yaani washa. Mbantu amekitaja kitu kwa kukigusa. Msomali amekitaja kwa kazi yake, kitu cha kuwashwa. Mtu aliyelelewa na neno la pili ana sababu ya kuuliza kama kinawaka. Yeye mwenyewe hakuniambia hivyo, alikuwa na grisi mikononi na wateja watatu wanamsubiri. Lakini mafundi wawili wenye neno mafuta waliniuliza linakula kiasi gani, na mwenye shidaal akauliza kama yanawaka.

Kabla ya kugusa chochote zaidi alitaka hesabu. Aliniuliza naendaje na lita moja, na nikamjibu kama tunavyojibu wote: zamani nikiweka ya elfu mbili nilikuwa naenda wiki nzima, sasa siku nne. Akatikisa kichwa. Elfu mbili si kipimo. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, na pampu zinabadilika usiku huo. Septemba 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi kwa mara ya kwanza, ikawa 211.64, elfu mbili ilinunua chini ya lita tisa na nusu, na huku kwetu chini zaidi kwa sababu lori nalo limelipwa kuyaleta. Magari mangapi yalishtakiwa ulaji mwezi ule hali hayakuwa na kosa? Anayenunua kwa noti anapima mfuko wake.

Neno la kitaalamu la kutafuta ugonjwa ni utambuzi. Liko pia kuagua, neno la mganga. Mabango ya mjini yameandika dayagnosi. Fundi hatumii hata moja: yeye anapima gari. Kitenzi hichohicho kinapima sukari dukani, damu zahanati, na shamba linalogombewa, na kwangu mimi hiki ni miongoni mwa vitenzi vyetu bora, kwa kuwa hakimruhusu msemaji kutenga ugonjwa na kipimo. Nikapewa kazi ya kupima. Nijaze tangi hadi juu, niandike kilomita, niende Nairobi, nijaze tena, niandike lita, nirudi, nijaze. Lazima iwe kwenda na kurudi. Garissa iko takribani mita 1,500 chini ya Nairobi, na tunaposema tunashuka Garissa si lugha ya mapambo. Safari ya kushuka pekee ingenidanganya kwa kunifurahisha, ya kupanda ingeniogofya bure.

Kilomita 740 zilichukua lita 70. Zaidi kidogo ya kilomita 10 na nusu kwa lita. Daftari langu la mwaka uliotangulia, nililoliandika kwa bahati tu, lilikuwa na lita 53 kwa safari ileile. (Nimesema kilomita, lakini gereji wanauliza "mailiji". Maili zenyewe ziliondoka barabarani zamani, jina lao likabaki limekalia kilomita kama mpangaji asiyejua mwenye nyumba amekufa.)

Alfajiri iliyofuata tuliingia njia ya Dadaab, yeye akiendesha. Alichomeka skana chini ya usukani. Yeye anasema shukaan, na ni neno lilelile la Kiarabu lililoshika chombo baharini kabla ya kushika gari. Nilitarajia skana itaje kosa. Haikutaja, na taa ya injini haikuwa imewaka. Yeye hakutafuta kosa, alitafuta namba moja, joto la maji. Tuliendesha nusu saa. Namba ilipanda ikafika 64, ikagoma. Akaniambia nitazame dashibodi: mshale wa joto ulikuwa chini ya katikati, mahali ambapo ulikuwa umelala kwa miezi na mimi nikiufurahia, maana Garissa nani asiyependa mshale ulio chini?

"Walahi, mwalimu, hii gari haikuli. Hii gari iko baridi."

Baridi! Katika mji ambao ng'ombe hutafuta kivuli kabla ya saa tatu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na maelezo yake ni mepesi kwa yeyote aliyeendesha magari ya kabureta. Asubuhi ulivuta choki, injini ikapewa petroli nyingi kuliko kawaida, kwa sababu injini baridi haiwashi vizuri. Ikipata moto unarudisha choki. Katika gari la kompyuta hakuna choki ya kuvuta. Kuna sensa iliyozama kwenye maji ya injini inayoiambia kompyuta hali ya joto. Petroli gramu moja inahitaji hewa gramu 14.7 ili iwake yote. Sensa ikisema baridi, kompyuta inazidisha petroli kupita uwiano huo. Gari langu lilikuwa limeendeshwa miezi saba na choki imevutwa, na sehemu ya ziada hiyo ilikuwa inageuka masizi.

Kiswahili tunasikia baridi kama tunavyosikia harufu na maumivu. Sikio halina hati miliki ya kitenzi hicho. Wataalamu wametupa kihisi kwa sensa, nalo ni neno zuri, ila ningependa siku moja kuonana na aliyelichagua nimuulize kama hakulifikiria sikio.

Kwa nini gari lisikie baridi? Hapo ndipo kitenzi cha pili kilipojitokeza, na hiki kilinichoma zaidi kuliko kula. Miezi saba nyuma, kwenye kilima, gari lilichemsha. Huku kwetu kuchemsha ni neno la kutisha: gari likichemsha umbali wa saa moja kutoka kwenye maji, unakaa kando ya barabara na watoto. Fundi wa njiani alitoa themostati, akaitupa kwenye mchanga, akasema kwa joto hili haina kazi. Rejeta ilikuwa inavuja. Ikazibwa baadaye, gari halikuchemsha tena, na themostati haikurudishwa. Mwezi uleule lilianza "kula". Mambo mawili yaliyotokea mwezi mmoja, na kwa sababu jambo moja lilikuwa limekaa kwenye kuchemsha na lingine kwenye kula, sikuyaunganisha hata siku moja. Nilipowaeleza wale mafundi wawili wa mwanzo sikulitaja la kwanza. Lilikuwa limekwisha.

Themostati mpya alinionyesha kabla ya kuifunga. Ni kitu cha kutosha kiganjani, kina pete, springi, na kibonge cha shaba chenye nta ndani. Pembeni imechorwa 82. Aliizamisha kwenye sufuria kuukuu ya maji juu ya jiko, ile ya kazi, mbali na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Tukasubiri. Maji yalianza kutoa mvuke, bado imefunga. Kisha, taratibu sana, nta ikavimba, ikasukuma, na ukingo wa shaba ukaachana na pete kwa upana wa ukucha. "Hii ni kamlango ka maji," akasema. Kanafungwa injini ikiwa baridi ili maji yasiende kupozwa rejetani kabla ya wakati, kanafunguka yakifika joto la kazi.

Kamusi za istilahi zinapendelea kidhibitijoto. Ni sahihi, lakini mtu akilisikia hajui kama ni feni au rejeta au dawa ya homa. Kamlango kanakuonyesha kitu kikifanya kazi. Na Kiswahili cha pwani kinalo neno lake tayari, kilango, mlango mdogo na pia mkondo mwembamba wa bahari, mahali ambapo maji hupita kwa masharti. Kilango cha maji. Nimeliandika daftarini na nitalitumia hadi mtu anizuie.

Lilibaki la magurudumu, nalo lilikuwa fupi. Nilikuwa nimepunguza upepo kwa ajili ya mchanga nilipokwenda zaidi ya Dadaab, nikarudi kwenye lami nikasahau. Geji ilisoma 22, kibandiko mlangoni kinataka 32. Tunasema upepo, wala si hewa, na huenda ndiyo maana tunadhani utarudi wenyewe.

Safari iliyofuata, kwenda na kurudi, ilikuwa lita 56. Mshale wa joto ulisimama katikati kabla hatujafika Bangale na haukuyumba hadi Thika. Lakini lita 56 si zile 53 za zamani. Nilipomwonyesha fundi daftari aliomba plagi zitolewe tena. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva. Ya tatu kwa mpangilio ilikuwa na unyevu mweusi unaong'aa, haukukauka kidoleni. Hayo hayakuwa masizi. Alipiga magoti akatazama chini ya injini: pakavu, hapana hata tone. Basi oili haivuji. Inachomwa, ndani, kwenye silinda hiyo moja, na pistoni ringi zake zimechoka. Ameniambia niwe naandika na oili pia, kila ninapoongeza, kwa lita.