Hesabu ya Chembe za Mpira

Majeshi ya Japani yalipoitwaa Malaya na kuingia Singapore mwezi wa Februari 1942, Marekani, ambayo karibu mpira wake wote ulitoka katika mashamba ya Mashariki ya Mbali, ikawa haina budi kuutengeneza viwandani, kwa kuvuruga butadayini na stairini ndani ya maji ya sabuni, hata ukapatikana utomvu mweupe mithili ya ule utokao mtini.

Kuutengeneza walikujua kabla ya kuuelewa. Utomvu huo ni chembe tupu zieleazo majini, aghalabu kipenyo cha kila moja ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na ukubwa huo ndio uamuao kama utomvu utakuwa mzito au mwepesi. Lakini chembe huzaliwa wapi, na kwa nini hukoma kuzaliwa? William Harkins, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Chicago, alibainisha, katika maandishi yaliyotoka baada ya vita, kwamba chimbuko lake kubwa si matone ya butadayini na stairini, bali ni vifundo vidogo mno vya sabuni viitwavyo miseli.

Mwaka 1948 Wendell Smith na Roswell Ewart, wa kampuni ya United States Rubber, wakaitia fikra hiyo katika hisabati. Kila chembe, walisema, kadiri ikuavyo hujivika sabuni, hata sabuni yote ikiisha kuvaliwa, miseli hutoweka na uzazi hukoma papo hapo. Idadi ikiisha kujulikana, ukubwa hupatikana kwa kuugawa mpira uliopo. Kanuni yao yasema kwamba idadi hufuata kiasi cha sabuni kilichopandishwa kwenye kipeo cha 0.6, na cha kianzishi, yaani kemikali iuanzishayo mnyororo wa molekuli za mpira, kwenye kipeo cha 0.4. Ni maneno makavu, illa mwenye kuyafuata kwa kalamu atastaajabu: ili kipenyo kipungue nusu, sharti chembe ziwe mara 8, na ili ziwe mara 8 kwa sabuni peke yake, sabuni iongezwe mara 32. Sidhani kama yuko mwenye kiwanda aliyeifurahia hesabu hiyo.

Kwa stairini kanuni ilisadifu vyema, ilhali vinaili asetati, mama wa gundi nyeupe ya maseremala, iliasi, kwa kuwa huyeyuka kidogo majini. Ndipo Robert Fitch, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipohesabu jinsi mnyororo ukuao ndani ya maji yenyewe unavyofikia urefu usioweza tena kuyeyuka, ukajikunja, ukawa chembe bila ya miseli.

Kuzipata chembe kubwa zenye kulingana kulikuwa taabu nyingine, maana zikikua huelea au huzama na kugandamana, hata Wamarekani wakazikuza angani, ndani ya chombo Columbia, mwaka 1982. John Ugelstad wa Trondheim, Norwei, alikuwa amekwisha kokotoa namna ya kuivimbisha mbegu ndogo mara nyingi, akazipata papa hapa duniani. Na zilipotiwa oksaidi ya chuma, matabibu wakazitumia kuondoa, kwa sumaku, seli za saratani katika uboho.