Utumbo Ukikatwa, Uji Uanze Lini?

Zamani, mtu aliyekatwa kipande cha utumbo mpana alilazwa siku kadhaa bila chakula, hadi apitishe hewa. Iliaminika kwamba utumbo lazima upumzike ndipo kidonda kipone.

Miaka ya 1990, daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark aliitilia shaka desturi hiyo. Wagonjwa wake walitulizwa maumivu kwa ganzi ya mgongoni, kwa kuwa dawa kama mofini huufanya utumbo uzembee. Walikunywa, wakala na kutembea mapema. Mwaka 2000, timu yake ilieleza habari za wagonjwa 60: 57 walipata choo ndani ya saa 48.

Basi mama, unapomuuguza mtu wako, usimlaze tu kwa huruma. Muulize muuguzi uji uanze lini, kisha umshike mkono mtembee kidogo kidogo. Choo chaweza kuwa chepesi mwanzoni, na nguvu hurudi polepole, kwa wiki kadhaa. Lakini tumbo likivimba, akitapika au akipata homa, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.