Kicheko cha Jumla na Rejareja: Mzee Majuto na Soko la Kariakoo

Historia ya miji yetu ya pwani huandikwa kwa majina ya masultani, magavana na wanasiasa. Wacheshi aghalabu hawamo, ilhali wao ndio walioketi na watu jioni baada ya kazi. Makala haya yanamtazama mmoja wao, Amri Athumani, aliyejulikana kote Afrika Mashariki kwa jina la Mzee Majuto au King Majuto, pamoja na soko lililokisambaza kicheko chake: Kariakoo ya Dar es Salaam.

Kariakoo ni jina la jasho. Waingereza walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa hapo, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Baadaye serikali ya kikoloni iliugawa mji: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Majumba ya sinema kama Empire na Avalon yalikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja huo. Mtu wa Kariakoo aliyetaka kuona picha alivuka mpaka kwanza.

Miongoni mwa walioonekana katika picha za zama hizo alikuwa Charlie Chaplin, mzaliwa wa London aliyepatia umaarufu wake katika filamu za Marekani kuanzia mwaka 1914. Filamu zake za kwanza hazikuwa na sauti, kwa hiyo hazikuhitaji mkalimani. Fukara mwenye viatu vikubwa, anayefukuzwa na polisi na kudharauliwa na matajiri, alieleweka na mchukuzi wa bandarini bila neno moja la Kiingereza. Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile, alipochunguza maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki alilihusisha chimbuko la vichekesho vyetu vya jukwaani na filamu za namna hiyo. Lakini mbegu ikiazimwa, udongo huwa wa mwenye shamba. Utani wa makabila, mizaha ya harusini na visa vya Abunuwasi vilikuwapo kabla ya sinema, navyo ndivyo vilivyoilea mbegu hiyo.

Baada ya Uhuru, vichekesho vilipata makao katika vikundi vya sanaa. Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980, na Tanzania One Theatre, kilichozaliwa mwaka 1992, vilikusanya katika onyesho moja ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo na vichekesho. Wachezaji hawakuwa na mswada. Walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo mbele ya watazamaji. Anayejua majibizano ya malenga ukumbini ataitambua kazi hiyo mara moja.

Amri Athumani alikulia katika sanaa ya jukwaa. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, na mwaka 1958, akiwa bado mtoto, alikwisha kupanda jukwaani. Miaka mingi baadaye kanda za video, na kisha diski, zilimchukua kutoka ukumbini zikamwingiza sebuleni. Mhusika wake alikuwa mzee mkaidi, mpenda fedha, mwepesi wa kutamani, ambaye hila zake humrudia mwenyewe. Alipocheza na kijana Hussein Ramadhani, yaani Sharo Milionea, mzaha ulitokana na kugongana kwa marika mawili: mzee wa kipwani na barobaro wa mjini anayejiona tajiri. Sharo alifariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza mnamo Novemba 2012.

Ustadi wa Majuto ulikuwa katika kituo. Mshairi hujua kwamba mizani minane ya ukwapi huufanya utao usubiriwe. Majuto naye alijua kunyamaza, kutumbua macho, akamwacha mtazamaji akamilishe mwenyewe, ndipo atie neno.

Hapa ndipo soko linapoingia. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilipodhihirisha kwamba hadithi za Dar es Salaam zinauzika, Kariakoo ikawa ghala la filamu. Mchuuzi wa mkoani aliyefuata vitenge na vyombo alirudi pia na diski. Biashara ilikuwa na mwenendo wake: msambazaji humlipa mtayarishaji mara moja, mtayarishaji humlipa mwigizaji mara moja, kisha nakala huuzwa maadamu wanunuzi wapo. Nakala za wizi nazo ziliuzwa kandokando ya halali. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1999, na stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye diski mwaka 2013. Hata hivyo mwaka 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo wakilalamikia diski za kigeni zilizowabana sokoni. Aliyeweka sura yake juu ya jalada alikuwa wa mwisho kujua ni majalada mangapi yameuzwa.

Mwaka 2018 Majuto aliugua, akapelekwa India kwa matibabu. Ndipo taifa lilipozungumza kwa sauti juu ya mikataba yake, hususan ya matangazo ya biashara, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Mzee alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Kamati ilikuja jioni ya safari iliyodumu miaka sitini.

Washairi wa pwani walikuwa na hekima moja: wengi wao walitia jina katika beti za mwisho, ili shairi likisafiri, mwenyewe asafiri nalo. Mcheshi hana beti ya mwisho. Jina lake ni uso wake, na uso huo ukishauzwa kwa malipo ya mara moja, wengine huuvuna. Diski zimekwisha kupitwa na wakati, na vipande vya Majuto sasa hutazamwa katika simu. Watu wanacheka vilevile. Mkataba wa haki, ulioandikwa kwa Kiswahili anachokielewa mwigizaji na kusomwa kabla kamera haijawashwa, ndio ungekuwa beti ya mwisho ya mcheshi.