Kumi Bora za Ukambani: Nani Anayepanga Nyimbo?

Kipindi cha redio kinachopanga nyimbo na kuzihesabu kutoka chini hadi namba moja kilizaliwa mbali na Kitui na Makueni, huku Ukambani nchini Kenya. Marekani ilikuwa na Your Hit Parade tangu 1935, lakini umbo linalojulikana zaidi lilikomazwa na American Top 40, kilichoanza Julai 1970 kikitangazwa na Casey Kasem. Orodha yake ilitoka katika jarida la Billboard, lililopima mauzo ya santuri na jinsi nyimbo zilivyopigwa redioni. Kilianza kikiwa na urefu wa saa tatu. Nyimbo ziliporefuka, mwaka 1978 kikaongezwa saa moja.

Ukambani hesabu ya aina hiyo ilikosa pa kusimama. Hapakuwa na jarida lililokusanya takwimu za mauzo kutoka madukani. Tatizo la pili lilikuwa benga yenyewe, muziki wa gitaa unaopendwa huku. Wimbo wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, au wa Peter Mwambi na Kyanganga Boys, uligawanywa mara nyingi pande mbili za santuri ndogo. Upande wa kwanza ulibeba hadithi, wa pili ulibeba utamu: sauti zinapungua, gitaa la solo linachacha, wachezaji wanaingia uwanjani. Mtangazaji aliyebanwa na saa alilazimika kuchagua upande, na kuchagua upande ni kuubadilisha wimbo. Piga hesabu: nyimbo 20 za dakika 7 ni saa 2 na dakika 20 kabla hajasema neno. Ndiyo maana kumi bora inakaa vizuri kuliko arobaini bora kwenye muziki huu.

Zamani za redio ya taifa, Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka 1989, Kikamba kilipewa vipindi katika idhaa ambamo kiligawana saa na lugha nyingine. Umaarufu wa wimbo ulionekana kwenye kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza majina ya jamaa na marafiki, akataja wimbo, akaituma kwa posta. Kadi hiyo haikuwa kura, ila rundo lake lilisema mengi. Aliyetaka wimbo alitaka kwanza jina la mjomba lisikike. Wimbo ulifuata salamu nyuma. Kwa maoni yangu, hapa ndipo chati za Ukambani zilipata tabia yake: zinahesabu ujamaa kabla ya kuhesabu muziki.

Baada ya Kameme FM kufungua njia ya redio binafsi za lugha za asili mwaka 2000, Kikamba kilipata stesheni zake kutwa nzima, Musyi FM na Mbaitu FM zikiwemo. Makueni pia ilipata redio ya jamii, Mang'elete ya Nthongoni, iliyotokana na vikundi vya akina mama. Muda haukuwa tena tatizo kubwa. Simu ya mkononi ikachukua nafasi ya kadi, kisha meseji. Kasi ilibadilika mno: kadi ilichukua siku njiani, meseji inafika wimbo ungali hewani, na mtangazaji anaweza kupandisha au kushusha orodha papo hapo.

Meseji ilileta pia ubaya wake. Mwenye salio anapiga kura mara kumi, asiye nalo anasikiliza tu. Bendi yenye mashabiki waliojipanga inaweza kuwashinda wanamuziki wanaopendwa na wazee wasiogusa simu kabisa, na wazee ndio walionunua santuri za benga. Stesheni inayotoza meseji haina haraka ya kulizuia jambo hili.

Facebook, WhatsApp na YouTube zimeupanua uwanja zaidi. Mkamba anayefanya kazi Doha anatuma ombi lake sawa na aliye Mutomo kule Kitui, na idadi ya watazamaji wa YouTube inaonekana na kila mtu kabla kipindi hakijaanza. Kwa hiyo mtangazaji hatangazi tena siri ya namba moja. Anachouza sasa ni maneno yake: nani kamwimba nani, bendi gani imevunjika, wimbo umetungiwa mkasa gani. Madijei nao wanachanganya nyimbo bila kutaja nafasi, wakiruka hadithi na kutua moja kwa moja penye gitaa.