Mitikisiko Midogo, Mageuzi Makubwa

Wanafunzi wangu hupenda historia yenye chanzo kimoja kikubwa: vita, mfalme, mapinduzi. Leo naandika historia ya wazo linalotusumbua zaidi: kwamba mapigo madogo yasiyo na mpangilio huweza kuhamisha jambo kubwa.

Mwaka 1827, Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alitazama kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka ndani ya chavua zikielea majini. Zilitikisika bila kukoma. Alipojaribu vumbi la mawe, nalo likatikisika. Basi haukuwa uhai. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba chembe hizo zilikuwa zikigongwa na molekuli za maji. Kila pigo ni dogo na halina mwelekeo maalumu, ila jumla yake huipeleka chembe mbali na ilipoanzia.

Mwaka 1976 Klaus Hasselmann wa Ujerumani alilipeleka wazo hilo kwenye tabianchi. Hali ya hewa ya kila siku ndiyo mapigo. Bahari ndiyo inayoyakusanya. Kwa hiyo joto la bahari laweza kupanda au kushuka kwa miaka mingi pasipo nguvu mpya kutoka nje. Hasselmann huyohuyo alibuni mbinu za kutenganisha mitikisiko hiyo na athari za binadamu, na mwaka 2021 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Limebaki swali la mpaka. Hesabu nyingi hutumia mchoro wa kengele wa Gauss, ambao mikia yake haina mwisho. Ukiufuata kikamilifu, utaruhusu hata mvua iliyo chini ya sifuri. Mitikisiko ya dunia halisi ina ukomo, na ukomo huo hubadili hatima. Chukua mpira uliotulia bondeni. Ikiwa hata msukumo mkubwa kuliko yote ni dhaifu kuliko mteremko unaourudisha, mpira hautavuka kilima kamwe. Ukomo ukiuzidi mteremko, hata kwa kiasi kidogo, kuvuka ni suala la muda tu.

Sisi wa Ziwa Victoria tunapaswa kulielewa hili. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na za miaka iliyofuata ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na halikurejea haraka kimo chake cha awali. Aliyepanga makazi kwa wastani wa miaka iliyotangulia alipanga kwa ziwa ambalo halikuwapo tena.

Nawaambia hasa watumishi wa umma: taarifa zetu zimejaa wastani. Ni nadra kuuliza msukumo mkubwa unaowezekana ni upi, na mteremko unaoturudisha mahali petu, yaani akiba, sheria na imani ya wananchi, umebaki na ukali gani. Mitikisiko yaweza kubaki ileile miaka yote huku mteremko ukilika. Bandu bandu huisha gogo. Siku tutakapovuka kilima, tutamtafuta mkosaji mmoja mkubwa, na hatutampata.